Kuzipanga Kazi Katika Jedwali

Miongoni mwa amali zinazomlazimu mtu kuzifikiri mpaka mwisho kabla ya kuzianza, kuandika programu ya maikrokontrola ni mojawapo ya zile zisizo na msamaha. Kwani chipu ile ndogo, inayofungwa ndani ya sanduku la chuma na kuachwa juani na mvuani bila mtu wa kuielekeza, hutenda yale tu iliyoandikiwa, na pale ilipoandikiwa vibaya hutenda vibaya kwa utiifu uleule. Nimeshughulika na chipu hizo kwa sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi, na katika yote niliyojifunza kwazo sikupata jambo lililonifaa zaidi ya kuzipanga fankisheni za lugha ya C katika jedwali la vielekezi. Kwa mpango huo programu huwa nyepesi na mistari yake hupungua, lakini faida iliyo kubwa kuliko hizo ni kwamba jedwali humshurutisha fundi kunena waziwazi, kabla ya siku ya ajali, mashine yake itafanya nini katika kila hali na kila tukio.

Lugha yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya pampu wala taa. Dennis Ritchie aliibuni katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikatumika kuuandika upya mfumo wa Unix, na kitabu alichokitunga pamoja na Brian Kernighan kikachapishwa mwaka 1978. Lakini kwa kuwa ni lugha inayomruhusu mtu kuishika kumbukumbu ya kompyuta kwa anwani zake, bila pazia, ilifaa mno kwa vyombo vidogo, na sisi tuliotokea katika ufundi wa redio pale Tanga, tuliozoea kuufuata umeme kutoka kipande hadi kipande, hatukuiona ngeni. Chipu tuliyoizoea ilikuwa ATmega8 ya kampuni ya Atmel, yenye kilobaiti 8 za kuhifadhia programu na baiti 1,024 tu za kumbukumbu ya kazi. Na aliyezoea kompyuta za mezani angeshangaa ni mambo mangapi ya maana yawezayo kutendwa katika nafasi finyu namna hiyo, maadamu mwenye kuyaandika ni mtu wa mpango.

Kazi iliyonifikisha kwenye majedwali ilikuwa ya kidhibiti cha pampu ya kisima kirefu, katika kijiji kimoja nje ya mji. Aliyekitengeneza alikuwa amekwisha kuhamia mbali, nami nikakabidhiwa programu yake pamoja na malalamiko ya wanakijiji. Ilikuwa programu ya mtu mwenye ujuzi, ila mpango wake ulikuwa umelemewa na wakati. Kila jambo lililopata kutokea lilikuwa limeongezewa sharti lake: ikiwa boya la tangi limeshuka, na pampu haijawaka, na kisima hakijakauka, na muda wa kuipumzisha mota umepita, basi washa, la sivyo, ikiwa boya limepanda na pampu inakwenda, zima, na vivyo hivyo, sharti ndani ya sharti, mpaka ukurasa ukaisha na mwingine ukafuata. Ukiuliza swali moja dogo, kwa mfano kisima kikikauka wakati mota inapumzishwa hutendeka nini, hukuwa na mahali pamoja pa kusoma jibu. Ilikupasa uyafuate masharti yote tangu juu hadi chini, kalamu mkononi, na ufikapo mwisho huna yakini kama hukuruka moja.

Nikaiweka programu kando, nikachukua karatasi kubwa. Upande wa kushoto nikaandika hali nne ambazo mashine ile yaweza kuwamo: Kusubiri, Kujaza, Kupumzisha na Hitilafu. Juu nikaandika matukio matano niliyoyachambua kutoka katika masharti yale: tangi limepungua, tangi limejaa, kisima kimekauka, muda umetimia, kitufe kimebonyezwa. Vikatokea vyumba ishirini, na katika kila kimoja nikaandika jina la kazi itakayotendwa hali ile ikikutana na tukio lile. Kisha nikaipeleka karatasi kijijini, nikakaa na msimamizi wa maji, mzee ambaye hakuwahi kuandika programu maishani mwake lakini aliyeijua pampu ile kwa mlio wake, tukaipitia chumba kwa chumba.

Hatukufika mbali akaweka kidole pembeni mwa karatasi, mahali palipokuwa peupe.

“Fundi, mbona umeme hukuuandika?”

“Umeme ukikatika, mzee, pampu si inazimika yenyewe?”

“Inazimika, ndiyo. Lakini kuna siku unakatika na kurudi papo hapo, hujawahi hata kusema alhamdulillahi, na pampu inawaka kwa mlio mbaya mpaka bomba linatikisika. Siku hizo mimi hukimbilia swichi.”

Maneno yale yalikuwa na elimu ndani yake. Pampu ya kisima kirefu inapozimika, maji yaliyosimama ndani ya bomba huweza kurudi chini, hususan ikiwa vali ya kuyazuia imechakaa, na yakirudi huizungusha pampu kinyumenyume. Ukiiwasha mota wakati huo unaitaka igeuke ghafla dhidi ya mzunguko wake, na shafti yaweza kukatika. Ndiyo sababu ya kuwapo hali ya Kupumzisha. Programu ya zamani iliijali hali hiyo kila ilipoizima pampu yenyewe, bali haikuwa na habari na pampu iliyozimwa na kukatika kwa umeme, ijapokuwa kidhibiti kilikuwa na betri yake na kilikuwa macho wakati wote. Tukaongeza safu ya sita, umeme umekatika, na pale safu hiyo inapokutana na Kujaza tukaandika: nenda Kupumzisha. Vyumba vikawa ishirini na vinne, na jambo lililokuwa limefukiwa chini ya masharti likafichuliwa na mtu asiyejua hata herufi moja ya C, kwa kuwa aliwekewa mbele yake kitu kinachosomeka.

Kuiingiza karatasi ile ndani ya chipu ni jambo jepesi kuliko linavyosimuliwa. Kielekezi cha fankisheni si kingine ila anwani ya mahali inapoanzia fankisheni katika kumbukumbu ya programu, na jedwali la vielekezi ni anwani hizo zilizopangwa kwa namba. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao barua zetu kwa kawaida haziletwi mlangoni bali huingia katika sanduku la posta, tumekwisha kulizoea jambo hili: aandikaye barua hana haja ya kuijua nyumba ya mwenye sanduku, yamtosha namba, na mwenye sanduku akihama mtaa namba yake haibadiliki. Kadhalika katika programu, sehemu inayotambua matukio haihitaji kujua ni kazi gani itakayotendwa. Hutoa namba ya hali na namba ya tukio, na mstari mmoja humaliza shauri lote:

kazi[hali][tukio]();

Maana yake ni hii: nenda katika jedwali liitwalo kazi, shika mstari wa hali iliyopo na safu ya tukio lililotokea, isome anwani utakayoikuta, kisha itende fankisheni iliyoko huko. Kurasa za masharti zikaondoka, na kila fankisheni ikabaki fupi, yenye shughuli moja, iwezayo kusomwa na kujaribiwa peke yake. Shuruti ya C ni kwamba fankisheni zote zinazokaa katika jedwali moja ziwe za aina moja, zipokee vitu vya namna moja na kurudisha kitu cha namna moja. Na shuruti hiyo, ambayo mwanzoni humwudhi mwanafunzi, ndiyo inayomfunza kuzitenga kazi zake kwa usawa. Wengine huogofywa na maandishi ya kulitangaza jedwali lenyewe, yenye nyota na mabano yanayosomwa kutoka ndani kwenda nje. Dawa yake ni kuipa aina hiyo jina mara moja kwa typedef, na tangu hapo mtu hutumia jina tu.

Gharama zake zinahesabika. Katika ATmega8 kila kielekezi huchukua baiti 2, kwa hiyo vyumba 24 ni baiti 48. Hapo pana jambo linalowapita wengi: chipu za jamii ya AVR zimetenganisha kumbukumbu ya programu na kumbukumbu ya kazi, na hata jedwali lililoandikwa const, yaani lisilobadilika, hunakiliwa katika kumbukumbu ya kazi chipu inapoamka, isipokuwa kompaila imeagizwa kwa PROGMEM ilibakize lilipo, na anwani ikasomwa kutoka huko kwa pgm_read_word. Baiti 48 katika 1,024 ni kitu kidogo; lakini aliyeweka hivyo jedwali la menyu, na jedwali la amri, na maneno yote ya kuonyesha kwenye kioo, huja akaona nafasi imekwisha ilhali kumbukumbu ya programu imebaki tupu nusu nzima. Ama kuhusu kasi, agizo la kuita fankisheni kwa anwani iliyosomwa huchukua mizunguko 3 ya saa, na katika chipu iendayo kwa megahezi 8 mzunguko mmoja ni nanosekunde 125. Hata ukiongeza muda wa kuisoma anwani yenyewe, mota haitajua kwamba kuna kilichobadilika. Fauka ya hayo, muda huo ni uleule kwa kila chumba, ilhali katika mlolongo wa masharti tukio lililoandikwa mwisho hungoja yaliyotangulia yote yapimwe.

Walakini jedwali lina adabu yake, na asiyeishika huadhibiwa kwa namna isiyofanana na kosa lake. Kijana niliyekuwa nikimfundisha ndiye aliyeiingiza safu ya sita katika programu, na kompaila ikaikubali bila neno. Tukaijaribu mezani kabla ya kuipeleka kijijini: balbu badala ya pampu, na waya mbili zilizotumbukizwa katika gilasi ya maji badala ya kisima. Tulipozitoa waya majini, kisima kikahesabiwa kuwa kimekauka. Rilei ikaachia, balbu ikazimika, taa nyekundu ya hitilafu ikawaka. Sheria ya mashine ile ni kwamba ikifika hapo isiiwashe pampu tena mpaka mtu aje, atazame, abonyeze kitufe, kwa kuwa pampu inayokwenda bila maji huungua. Kijana akaukata umeme wa upande wa pampu, akaurudisha mara. Taa nyekundu ikazimika, na baada ya kitambo rilei ikalia na balbu ikamulika kwa muda mfupi kabla ya hitilafu kurudi.

“Imeanza upya, mwalimu,” akasema. “Labda betri imechoka.”

“Usiitungie sababu. Iulize yenyewe.”

Chipu ile ina rejista inayohifadhi sababu ya kuanza upya, nazo ni nne: kupewa umeme, kuvutwa kwa pini ya kuanzishia, volti kushuka kupita kiasi, na saa ya ulinzi kuishiwa na subira. Programu yetu ilikuwa na ada ya kuisoma rejista hiyo kila inapoamka, kuifuta, kisha kuipeleka thamani yake katika kompyuta kwa waya. Tukatazama kwenye skrini: sifuri. Hapakuwa na sababu hata moja kati ya zile nne, na kwa hiyo chipu haikuwa imeanzishwa upya na kitu chochote. Programu yenyewe ndiyo iliyokwenda mahali pa kuanzia.

Tulipolifungua jedwali tukakiona chumba chenyewe. Mstari wa Hitilafu ulikuwa na majina matano, na safu zilikuwa sita. Kaida ya C ni kwamba vyumba vya jedwali la namna ile visivyoandikwa kitu hujazwa sifuri. Na katika chipu za AVR anwani sifuri ndipo lilipo agizo la kwanza linalotendwa chipu inapoamka. Umeme ulipokatika katika hali ya Hitilafu, programu ikasoma sifuri, ikaiita kama fankisheni, ikajikuta mlangoni mwa kuanzia. Vigezo vyote vikafutwa, hali ikarejea kuwa Kusubiri, na mashine ikasahau kwamba kisima kilikuwa kimekauka. Lau kidhibiti kile kingefungwa kijijini hivyo, kila umeme ulipocheza katika msimu wa kiangazi pampu ingewashwa katika kisima kitupu, na fundi angetafuta ubovu katika betri, na katika nyaya, na katika rilei, asiutafute katika jina moja lililokosekana.

Kutokana na hayo tukajiwekea sheria ambayo sijaiacha hata leo. Pale ambapo mashine haitakiwi kutenda kitu, hatuachi chumba wazi; tunaandika jina la fankisheni iliyotungwa mahsusi kwa kutotenda kitu, tuliyoiita sitendi, ambayo ndani yake ni tupu kabisa. Kwa chipu, fankisheni hiyo ni kurudi tu; kwa msomaji, ni ushahidi kwamba mwandishi alifika katika chumba kile, akakifikiri, akaamua. Kunyamaza kwa makusudi na kunyamaza kwa kusahau huonekana sawa mpaka siku ya msiba, na jedwali lililojazwa lote ndilo linalovitenga viwili hivyo mapema. Mwenye kukagua kazi ya mwenzake ana haki ya kuuliza kwa nini umeandika sitendi hapa. Hawezi kuuliza juu ya chumba asichokiona.

Sheria ya pili inahusu namba. Lugha ya C haimzuii mtu kuomba safu ya saba katika jedwali lenye safu sita, na matokeo yake ni ya hila: vyumba vimepangana mstari baada ya mstari, kwa hiyo aombaye safu ya saba ya Kusubiri hupewa chumba cha kwanza cha Kujaza, fankisheni halali kabisa lakini isiyo ya mahali pale, na ni katika mstari wa mwisho tu ndipo anapotoka nje ya jedwali na kuzitenda takataka. Yafaa namba zipewe majina kwa enum, na jina la mwisho liwe idadi yenyewe, ili jedwali likue pamoja na orodha. Na kabla ya kuita, namba ipimwe kama iko ndani ya mipaka na anwani ipimwe kama si sifuri, na lolote likikosekana programu iende mahali pa salama, ambako pampu imezimwa. Vipimo hivyo ni mistari michache, na tahadhari kabla ya hatari haijapata kumfilisi mtu.

Baadaye nilipozidi kusoma nilitambua kwamba jambo hili ni la kale kuliko chipu zetu. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, kila aina ya kifaa ilikuwa na mstari wake katika jedwali la fankisheni za kukifungua, kukisoma na kukiandikia, hata kiini cha mfumo kikaweza kuzungumza na vifaa kwa namba bila kuzijua tabia zao. Na chipu yenyewe imejengwa juu ya fikra hiyohiyo: ATmega8 ina orodha ya milango 19 mwanzoni mwa kumbukumbu yake, wa kwanza ukiwa wa kuamka na kila mmoja wa iliyosalia ukiwa wa katizo moja, yaani tukio linaloikatiza programu, na katika jamii ya ARM Cortex-M orodha hiyo ni anwani tupu, ya kwanza ikiwa mahali pa kuanzia staki na ya pili ikiwa anwani ya kazi ya kuamka. Hata onyo ni lilelile, kwani maktaba ya C ya AVR hulipeleka anwani sifuri kila katizo lililowashwa bila kuandikiwa kazi yake. Nami nionapo chombo kinachoanza upya na rejista ya sababu ikasoma sifuri, hutafuta chumba kitupu kabla sijagusa nyaya.

Insafu yataka niseme pia pale ambapo jedwali halifai. Mwenye hali mbili na matukio mawili aandike masharti yake na apumzike, kwani jedwali kwake ni pambo. Kompaila, isipoweza kujua ni fankisheni gani itakayoitwa, haiwezi kuiyeyusha ndani ya nyingine ili kupunguza gharama. Na chombo cha kupima kina cha staki hushindwa kuifuata njia inayopita katika kielekezi. Katika chipu ya kale kama 8051 ya Intel ya mwaka 1980, yenye baiti 128 tu za kumbukumbu ya ndani, tabu huwa kubwa zaidi, kwa kuwa kompaila zake huzigawia fankisheni mbalimbali nafasi ileile ya vigezo kwa kutazama nani anamwita nani, na vielekezi huuficha uhusiano huo. Asiyeiarifu kompaila kwa mkono wake huona vigezo vya kazi moja vikiharibiwa na nyingine. Chombo chema hakidhulumiwi kwa kutajwa mipaka yake.

Basi, vijana mnaoshika chipu leo, zenye kumbukumbu mara nyingi kuliko zile tulizoanza nazo, msidhani kwamba wingi wa nafasi unamwondolea mtu wajibu wa mpango. Kabla ya kuongeza sharti jingine juu ya masharti yaliyopo, chukueni karatasi, andikeni hali upande mmoja na matukio upande wa pili, kisha kaeni na mtu atakayeishi na mashine hiyo, awe msimamizi wa pampu au mwenye kinu au muuguzi wa zamu, mumwombe ayasome. Jazeni kila chumba. Na kile ambacho hamkijui jibu lake msikiache kitupu kwa tamaa kwamba tukio hilo halitatokea: kaulizeni, kisha mwandike.